Mrusha Mpira Asiyeuliza

Masikio mpo?

— Tupo!

Yafungueni basi, ya kale yapite.

— Yapite yasikwame!

Hapo kale, kale ya babu yake babu yangu, huko Uingereza kwenye mvua isiyojua likizo, palikuwa na kijana akiitwa Amos Hepple. Alichimba makaa ya mawe katika mgodi uleule uliomfukia baba yake. Lakini mkono wake, wajukuu zangu! Akirusha mpira wa kriketi, unakuja mbio, unadunda, unaangusha vile vijiti vitatu ambavyo mpigaji amesimama kuvilinda. Tuu! Vijiti chini, mpigaji nje! Timu ya jimbo ikasikia habari zake, ikamtoa mgodini, ikamvalisha nguo nyeupe.

Sasa shikeni sheria moja ya mchezo huo, maana hadithi yote iko hapo. Mpira ukigonga mguu wa mpigaji, na bila mguu ule ungegonga vijiti, mpigaji yuko nje. Lakini mwamuzi hasemi neno mpaka aulizwe! Hata kama ameona kwa macho yake mawili, anatulia tuli. Lazima umpigie kelele: "Mwamuzi, vipi hapo?" Semeni!

— Mwamuzi, vipi hapo?

Shomari, usinitemee mate. Haya, tuendelee.

Nahodha wa timu, Bwana Pelham, mtu wa masharubu na majivuno, alikuwa na amri yake: "Timu yangu si soko la samaki. Atakayeuliza ni mrushaji peke yake."

Na Amos alikuwa na kigugumizi. Mechi ya kwanza mpira ukagonga mguu, akauliza: "Mwa... mwa... mwa..." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walimcheka vibaya, na mimi mpaka leo nawachukia watu wale. Amos akafunga mdomo.

Mwaka wa kwanza akarusha, mguu ukagongwa, akanyamaza. Mwaka wa pili akarusha, mguu ukagongwa, akanyamaza. Miaka kumi na moja, jamani! Wapigaji wakamjua: kwa Amos weka mguu tu mbele ya vijiti, hatauliza.

Mwaka wa kumi na mbili timu ikafika mechi ya ubingwa, ubingwa ambao jimbo lile halikuwahi kuupata. Asubuhi Bwana Pelham akamwita.

"Hepple, vijiti huangushi tena kama zamani. Leo tukikosa ubingwa, kesho unarudi mgodini."

"N-ndiyo, bwana."

Wapinzani wakabaki na mpigaji mmoja tu wa kutolewa, wakitaka mikimbio miwili, yaani pointi mbili, washinde. Amos akashika mpira. Akakimbia, akakimbia, mkono ukazunguka, vuu! Mpira ukadunda, ukapinda, pa! Mguuni! Mbele kabisa ya kijiti cha katikati!

Mpigaji anatabasamu. Mwamuzi, mzee Tuttle, mikono nyuma, anamtazama Amos. Na ukirusha mpira mwingine, wa kwanza hauulizwi tena, umepita. Amos akaukumbuka mgodi na giza lake. Akageuka.

"Mwa... mwa..."

Watu wakaanza kucheka, walewale!

"Mwa... mwa..." Jasho linamtoka, machozi yanamtoka, lakini safari hii hakufunga mdomo! "Mwamu... mwamuzi, v-v-v..." Mzee Tuttle akasubiri. Kicheko kikafifia. Watu wakasimama, midomo yao ikimsaidia bila sauti. Nanyi msaidieni!

— Mwamuzi, vipi hapo?

"VIPI HAPO!" Amos akapaza sauti, na kidole cha mzee Tuttle kikapanda juu. Nje! Ubingwa! Kofia zikaruka hewani, na Bwana Pelham mwenyewe akapiga kelele kuliko soko la samaki! Mgodini Amos hakurudi tena.

Akamwendea mwamuzi huku analia. "M-mzee, miaka yote hiyo ulikuwa unaona?"

"Niliona yote, mwanangu. Kidole kilikuwa kinaniwasha miaka kumi na moja. Hukuniuliza."

Basi nyinyi mnaoijua haki yenu mkanyamaza kwa kuogopa kuchekwa, mkumbukeni Amos. Ulimi ukwame, utetemeke, lakini uulize.

Ya kale yamepita, masikio yafungeni. Aliyeachwa njiani aseme. Na mimi pia simjibu asiyeniuliza.