Nani Apewe Nyumba ya Juu ya Ndiva

Shhh. Sikilizeni kwanza, maneno baadaye.

Saa nane za usiku maji yalikuwa yanaongezeka. Hayakuja kwa kishindo, hapana, yalianza kama mtu anayenong'ona ndani ya chupa, tiri, tiri, tiri, kisha tiririri, kisha yakawa sauti nzima, na Nakijwa alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa, mwanawe yuko mgongoni kwenye mbeleko, kanga imewafunika wao, ukungu umeifunika kanga, na hakujua aogope lipi zaidi, maji yanayokua gizani bila mvua, au mtu kumkuta pale na mtoto.

Maana mtoto yule hakutakiwa kuwapo.

Ngojeni, nimekimbilia mbele. Nirudi.

Kulikuwa na chuo kidogo katika milima ya Upare, Chuo cha Mlongeni, wanafunzi sitini na wawili, walimu saba, mbwa mmoja. Kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya darasani, jikoni wanamwambia pole. Hakikuwa na idara ya udongo, wala idara ya mimea, wala ya watu. Wote walisoma kitu kimoja, ikolojia ya binadamu, yaani mtu na mahali pake vikisomwa pamoja: maji anayokunywa, shamba analolima, nyumba anayolala, na maneno anayorushiana na jirani mpakani. Asubuhi walisoma mashairi, mchana walipima mchanga, jioni waliosha masufuria kwa zamu, na yote hayo yalikuwa masomo.

Bweni la wasichana, chumba cha mwisho, walilala watatu.

Mwanahawa wa Pemba alikuwa na jicho. Akitazama jani mara moja analichora, hata tundu la mdudu analiweka mahali pake.

Kabula wa Shinyanga alikuwa na ulimi. Akikaa na mtu asiyependa watu, chai haijapoa, mtu yule anamsimulia habari za ndoa yake.

Nakijwa wa Ugweno alikuwa na sikio. Hakuzaliwa nalo, alilipata siku alipojifungua, kwani mama mwenye hofu husikia kila kitu: matroni akigeuka kitandani, paka akikanyaga bati, pumzi ya mtoto ikibadilika kabla hajalia.

Mtoto mwenyewe aliitwa Namkunda, miezi minne. Alikuwa aachwe kwa bibi yake, lakini bibi akapooza upande mmoja wiki ileile chuo kinafunguliwa, na sheria ilikuwa imebandikwa mlangoni: watoto hawalali bwenini, atakayekutwa naye arudi kwao. Basi wakamficha. Mchana walipokezana kuumwa kichwa, leo huyu, kesho yule, hata matroni akasema chumba hiki kina laana ya kichwa. Usiku mtoto akianza kulia, Nakijwa alimfunga mgongoni akapita dirishani hadi ndivani, kwani huko maji yalilia kwa sauti kuliko mtoto.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo, walilichimba wazee wa zamani. Maji ya chemchemi hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi mwenye zamu huchomoa kigingi, maji yakashuka kwa mifereji hadi shamba la mwisho kule bondeni. Lakini ndiva ya Mlongeni ilikuwa haijai, mwaka wa pili sasa. Shamba la mwisho lilipata tope tu.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Senzighe, akawakusanya wanafunzi.

"Mwaka huu swali ni moja," akasema. "Nani anakunywa maji yetu? Atakayeleta jibu atapewa ile nyumba ya mawe juu ya ndiva, mwaka mzima, awe mkazi wa chuo. Kitanda kimoja, mlango mmoja, na mlangoni litaandikwa jina moja."

"Na matroni, Mwalimu?" Kabula akauliza, watu wakacheka.

"Huko hakuna matroni. Mkazi anaishi na amtakaye."

Nakijwa hakusikia tena neno lingine siku ile. Anaishi na amtakaye. Mtoto angelia kwa sauti yake yote, mlango wazi, mchana, na hakuna mtu ambaye angeuliza.

Kijijini lakini jibu lilikuwapo tayari. Kila mtu alimtaja Bibi Nambua, mjane aliyeishi peke yake juu kabisa, karibu na chemchemi. Eti watu wakilala anageuzia maji shambani kwake. Baraza lilikuwa limepangwa, wamtoe kijijini.

"Nyie Wapare," Kabula akasema, "mtaipeleka hata chemchemi mahakamani."

"Na kesi tutashinda," Nakijwa akamjibu, akimnyonyesha mtoto chini ya shuka.

Sasa tazameni walivyofanya, mmoja mmoja.

Nakijwa alisikiliza. Usiku kumi na tisa alisimama ndivani, mtoto anakuwa mzito, ukungu unapita kati ya miguu yake kama ng'ombe weupe wanaorudi zizini, na kila usiku ni vilevile. Usiku wa ishirini akarudi amelowa hadi magotini, akawaamsha wenzake.

"Si usiku," akasema. "Sikieni, si usiku kabisa. Usiku maji yanayotoka chemchemini yanarudi. Jua likichomoza yanaanza kupungua, jioni yamekonda hayasikiki. Bibi Nambua anasingiziwa. Huyu mwizi anakunywa mchana kweupe, usiku analala."

"Mwizi gani analala usiku?" Mwanahawa akauliza, macho hajayafumbua vizuri.

Bila sikio lile, wangeendelea kumvizia bibi wa watu gizani.

Mwanahawa alitazama. Alipanda mlimani na daftari, akachora mteremko wa juu ya chemchemi siku nane, asubuhi na jioni, na kwenye karatasi, si mlimani, ndipo alipoona. Miti ilikuwa imekaa kwa mistari. Nani ameona msitu ukijipanga foleni? Ilikuwa mikaratusi, mia mbili na zaidi, chini yake ardhi imepasuka na majani ya kivulini yamekufa. Mikaratusi hunywa jua likiwaka, jua likizama hupumzika. Na chini ya mti wa kwanza palikuwa na kibao kimelala kifudifudi. Akakigeuza kwa mguu, akasoma, akakaa chini.

*Siku ya Miti. Chuo cha Mlongeni. Tunarudisha kijani.*

"Ni sisi," akawaambia wenzake chumbani. "Chuo kizima cha mazingira, wallahi, ni sisi tuliopanda."

Walicheka hadi Kabula akauma mto, matroni asisikie. Bila jicho lile, wangemtafuta mnywaji hadi leo.

Lakini kujua mti si kuuangusha, eh? Mikaratusi ile ilikuwa kwenye kalenda ya chuo, na picha yake ilitundikwa ofisini, Mwalimu Senzighe ameshika jembe anatabasamu. Hapo ndipo kazi ya Kabula ilipoanza, nayo hakuianzia ofisini. Alipanda kwa Bibi Nambua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na baraza?"

"Nimekuja kukusaidia maharage."

Akachambua maharage siku mbili, mawe huku, mbovu huku, hakuuliza kitu. Siku ya tatu bibi akashindwa kuvumilia.

"Mjukuu wangu, mbona wewe huniulizi kama ni mwizi?"

"Maharage hayajaisha, bibi."

Bibi akacheka, kisha akalia, kisha akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na miche ya mikuyu ndani ya makopo ya zamani, mingi, imejipanga ukutani kama watoto wanaosubiri uji. Mikuyu, miti inayotunza maji, ndiyo iliyokuwa kwenye chemchemi tangu ujana wake. "Wanachuo walipokuja na miche yao wakaikata mikuyu yangu," akasema, "na nyimbo wakaimba."

Siku ya baraza Kabula akasimama kabla ya bibi kuitwa. "Wazee wangu, shikamooni. Mwizi tumempata. Ana shina jeupe, anakunywa mchana, na tulimleta sisi wenyewe." Akasema kila kitu, sikio la mwenzake, jicho la mwenzake, makopo ya bibi, na alisema bila kumwaibisha mtu, kila aliyemtazama alijiona amesamehewa. Mwalimu Senzighe akainuka. Kisha akavua koti.

"Leteni mashoka," akasema. "La kwanza nipeni mimi."

Bila ulimi ule, mikaratusi ingekuwa imesimama mpaka sasa, na bibi hana kwao.

Miti ikaanguka. Miche ya mikuyu ikapandwa mahali pake. Miezi ikapita, mvua bado, wala wingu, na alfajiri moja maji ya ndiva yakagusa jiwe la alama ya ndiva kujaa, ambalo kwa miaka ile yote halikuwahi kulowa. Kigingi kikachomolewa. Kule bondeni, shamba la mwisho, mwanamke mmoja alikinga maji kwa mikono miwili akajimwagia kichwani na nguo zake zote.

Jioni yake Mwalimu Senzighe akabisha hodi chumba cha mwisho.

Namkunda alifichwa nyuma ya mlango kwenye kikapu cha nguo, kanga juu yake. Nakijwa akasimama mbele ya kikapu.

"Nimesikia habari ya kila mmoja," Mwalimu akasema, "na bado sijui jina la kuandika. Nakijwa, nikuulize. Sikio lako lilikuwa linafanya nini ndivani saa nane za usiku?"

Nakijwa akafungua mdomo. Akisema kweli, anafukuzwa. Akinyamaza, kazi yake inakuwa ya nani? Na hapo hapo, nyuma ya mlango, mtoto akakohoa.

Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Mlango huu unalia," akasema polepole. "Utieni mafuta." Akaweka karatasi kitandani. "Amueni wenyewe. Jina moja. Niletewe asubuhi."

Akaenda zake.

Karatasi ikabaki katikati ya kitanda, nyeupe, na wao watatu wameizunguka.

"Mimi," Mwanahawa akasema, "nina michoro mia na arobaini chini ya kitanda, unyevu unaila. Nikikosa meza na dirisha mwaka huu, nimekosa yote."

"Mimi nimemwahidi bibi," Kabula akasema, "kila jioni ya kiangazi miche itamwagiwa maji. Ikifa hiyo, ndiva inakauka tena. Chuo kikifungwa nikiwa Shinyanga, nitaimwagiaje?"

Nakijwa alikuwa anasikiliza, mbali, maji yanaanza kuongezeka. Namkunda sasa alikuwa anatambaa, amejifunza kupiga kelele kwa furaha, na hakuna kikapu kitakachomficha mwezi mwingine. Bila nyumba ile ni kurudi Ugweno, na masomo basi.

Wenzake wakamtazama, naye akawatazama, na kalamu ikapita mkono hadi mkono, na hakuna aliyeandika.

Sasa msikimbilie kuniambia apewe mwenye mtoto kwa sababu ana mtoto. Mwalimu aliuliza nani ameleta jibu, hakuuliza nani ana shida. Wala msiniambie shida si kitu, maana mtoto asingelia, nani angesikia maji? Mkisema sikio lilitangulia, basi jicho ndilo lililomwona mnywaji. Mkisema jicho, basi ulimi ndio ulioleta mashoka. Na mkisema wakae wote, kitanda ni kimoja, hakitoshi watatu na mtoto anayetambaa, na mlango utaandikwa jina moja, na kunakucha.

Kalamu hii hapa. Je, wewe ungeandika jina la nani?

Usilitaje kwa sauti, kuna aliyelala. Sogea uninong'oneze, na uniahidi nami nikuahidi: habari ya yule aliye nyuma ya mlango, hatutamwambia mtu mwingine.