Kwa Nini Wanaume wa Lugenza Huteka Maji Wakati wa Kipupwe

Bonde lile mnaloliona kule chini, lenye matuta ya kijani hata wakati wa baridi, halikuwa hivyo zamani. Lilikuwa matete matupu na maji meusi, na hakuna jembe lililokuwa limeingia humo. Vijana wanaliita Lugenzi, lakini jina lake ni Lugenza. Mto unaopita katikati ni Mwiga, si Mto Baridi kama kilivyoandikwa kibao cha darajani.

Wakati huo watu wa Lugenza waliishi kwa kufuata majira. Mvua zilipoanza, waliamka alfajiri wakapanda mlimani kulima ulezi. Baada ya mavuno kiliingia kipupwe, ukungu ukalala bondeni na asubuhi majani yakawa meupe kwa jalidi. Hapo watu walilala mapema na kuamka jua likiwa limeshapanda. Wanawake waliotaka watoto hawakukanyaga maji ya mto. Walikunywa supu ya mifupa na uji wa moto, wakafunga mkanda wa ngozi tumboni, wakaketi nyayo zao zikielekea motoni. Waliamini kwamba tumbo la uzazi, kama udongo wa shamba, hujiwekea nguvu wakati wa baridi, na likisumbuliwa wakati huo halitakuwa na kitu cha kutoa baadaye. Kiangazi kilipofika ngoma zilipigwa na maharusi wakaolewa. Mvua za kwanza ziliwakuta wengi wameshapata mimba.

Mtwa, yaani mtawala, wa wakati huo aliitwa Mgovano mwana wa Kilatu. Hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa mdogo ilitokea njaa, na mama yake alichemsha ngozi aliyokuwa akilalia, akampa mwanawe mchuzi wake, kisha akafa. Mgovano alikua akiogopa kitu hicho kimoja tu. Alipopata utawala aliamuru matete yafyekwe na bonde lilimwe vinyungu, ndiyo matuta ya majini, ili watu wavune mara ya pili kabla mvua hazijaanza. Kazi hiyo ilibidi ifanyike katikati ya kipupwe. Na kwa kuwa katika nchi ile jembe lilikuwa la mwanamke, walioingia majini ni wanawake. Wanaume walijenga vihenge vya kuwekea chakula.

Mkunga wa Lugenza, bibi aliyeitwa Nyalwangwa, alikwenda kwa Mtwa kumsihi.

“Baba, hata chura amejizika matopeni anangoja joto,” alisema. “Sisi unatutia majini?”

“Chura hajamzika mama yake kwa njaa, bibi,” Mgovano alijibu.

Mwaka wa kwanza chakula kilikuwa kingi mno, hata watu wakatania kwamba mbwa wa Lugenza wameanza kuchagua. Mtwa alisifiwa. Mwaka uliofuata vihenge viliongezwa. Lakini wanawake walikuwa wakishinda majini tangu jalidi ya asubuhi mpaka jua linapozama, na miili yao haikupata tena msimu wa kupumzika. Walianza kulalamika viuno. Damu ya mwezi ilikuja na maumivu na mabonge meusi, na kwa wengine ikakoma kabisa. Mimba zilitoka humo humo bondeni, zikafukiwa kwenye matuta. Watoto wachache waliozaliwa hai walikuwa wadogo na baridi, na hakuna aliyeishi mpaka kuota meno.

Watu walisema ni uchawi. Kwa kuwa kila mtoto aliyekufa alikuwa amepitia mikononi mwa Nyalwangwa, walimfukuza wakati wa kipupwe, hata blanketi hawakumwachia. Wachungaji walimkuta mlimani ameketi juu ya jiwe, mikono ameikunja kifuani, ameganda. Watoto waliendelea kufa.

Mgovano alikuwa na mwana mmoja, Lwimbo, aliyemwoa msichana aitwaye Sekindole. Mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, na shangazi za mumewe walikuwa wameanza kusema arudishwe kwao. Kisha akapata mimba ya tatu, na hii ilikaa. Kipupwe kilipoingia mtoto alikuwa ameanza kucheza tumboni. Sekindole alikwenda uani kwa Mtwa, akapiga magoti mbali kidogo kama ilivyompasa mkwe.

“Baba mkwe, mtoto anacheza,” alisema. “Niache msimu huu mmoja nikae jikoni. Mvua zikija nitalima mlimani, hata na mtoto mgongoni nitalima.”

Mgovano aliwatazama wanawake waliokuwa wakingoja nje ya ua, majembe mabegani. Walikuwa wamenyamaza wapate kusikia.

“Ukibaki wewe, mwanangu, watabaki wote,” alisema. “Na njaa inaijua njia ya hapa.”

Sekindole aliinuka akaenda nao. Alisimama ndani ya maji yanayofika magotini, siku baada ya siku, akipandisha tope juu ya matuta. Asubuhi moja wenzake waliona maji kati ya matuta yakigeuka rangi. Walimbeba wakampandisha nyumbani. Mtoto alikuwa wa kiume na hakuvuta pumzi. Sekindole alipona, lakini hakushika mimba tena maisha yake yote.

Kesho yake Lwimbo alichukua jembe la mkewe akashuka bondeni. Hakuna mwanamume aliyewahi kuonekana humo. Waliokuwa na ng'ombe ng'ambo ya mto walisimama kumtazama.

“Jamani, Sekindole kapata mke mwenza!” mmoja alipaza sauti.

“Ukimaliza huko, mama, uje unisagie ulezi!” alisema Sigwava, kaka yake Sekindole, na wote wakacheka.

“Njoo utie mguu humu, shemeji,” alisema Lwimbo, “kisha uendelee kucheka.”

Sigwava alishuka huku anacheka, akatia miguu yote miwili. Hakukaa sana. Alitoka, akaenda moja kwa moja nyumbani, akamkuta mkewe akijitayarisha kwenda bondeni, akamnyang'anya jembe. Siku zilizofuata walishuka wanaume wengine, kwanza wachache, halafu wengi, na Mtwa hakuwazuia.

Miaka ikapita, ukafika wakati wa kuita rika jipya. Ilikuwa desturi kwamba watoto wanaong'oka meno ya utotoni wakusanywe uani kwa Mtwa, awapake udongo mweupe na kuwapa jina la rika lao. Pombe ilikuwa imepikwa na ng'ombe wamechinjwa. Mgovano alitoka na bakuli la udongo, akasimama mbele ya vihenge vyake vilivyojaa. Hakukuwa na mtoto hata mmoja uani. Watoto waliopaswa kusimama pale ni wale wa miaka ambayo mama zao walishinda majini. Jua lilipanda, udongo ukakauka bakulini, na hakuna aliyethubutu kumwambia aketi.

Sekindole, aliyekuwa akienda kuteka maji ya wageni, alisimama mlangoni na kibuyu chake.

“Wape jina, baba mkwe,” alisema. “Nina wangu humo.”

Mgovano aligeuka akavitazama vihenge vyake, kisha akasema rika hilo litaitwa Vihenge. Aliweka bakuli chini. Alikichukua kibuyu mkononi mwa mkwewe, akashuka mtoni mbele ya watu wote, akateka maji, akarudi nayo amejitwisha kichwani kama mwanamke. Aliteka hivyo kila asubuhi ya kipupwe mpaka baridi ikamwingia kifuani ikamwua.

Na tangu siku hiyo, jalidi inapoanza kuonekana Lugenza, wanaume ndio huteka maji na kulima vinyungu, na wanawake huketi motoni mpaka ukungu uondoke bondeni. Watoto walizaliwa tena, na marika mengine yakafuata. Kila tunapokutana kuyaita, kuanzia la wazee wa kwanza, kila rika huitika. Yale ambayo watu wake wamekwisha kufa huitikiwa na watoto wao. Mwitaji akifika kwenye Vihenge huliita kwa sauti ile ile, akangoja kiasi cha watu kuitika, kisha huita linalofuata.