Ubao wa Mwangangi

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga, wakiwa na maana kuwa peke yake mtu hafiki mbali. Mwangangi, mchonga vinyago wa Shauri Moyo, aliuona msemo huo kuwa wa wavivu.

Mwaka wa 1996 miti ya kuchonga iliadimika. Basi akaanza kuyeyusha mifuko ya plastiki sufuriani, akachanganya na vumbi la mbao na makapi ya mkonge, kisha akakandamiza rojo hilo katika fremu ya chuma apate ubao. Wachongaji wenzake walipomcheka, alihamia kibanda cha peke yake akafunga mlango. Mkewe alikuwa kaburini, bintiye Ndinda ameolewa Kitui. Siku nzima hakuwa na wa kumwambia hata kwamba chai imepoa. Upweke ulimtafuna kama mchwa, naye kwa ukaidi wake akauita utulivu!

Mzee wa kanisa alitaka mbao za madawati ya chekechea.

"Mbili ulizoleta zimeshavunjika, Mwangangi. Lete ubao wa mwisho kesho. Usiposhika, nitatafuta kwingine."

Kazi hiyo ikimponyoka, angefunga kibanda akaishi kwa mkwewe. Aibu iliyoje!

Jioni hiyo sufuria ililia chwaa kama kawaida yake, na ubao ukatoka na matundu tele. Mwangangi aliketi sakafuni akalia kwa sauti. Mlango ukabishwa. Safari hii alifungua. Alikuwa Wacera, muuza mandazi wa kibanda jirani.

"Baba Ndinda, kwani unakaanga maji?"

"Maji gani? Ni vumbi la mbao. Nimelilowesha vile sisi wachongaji hulowesha mti, usipasuke."

"Ndiyo hiyo shida! Mafuta yangu yakiingia maji hulia hivyo hivyo, yanatoa mapovu. Kausha hiyo kitu kwanza."

Wakalikausha kwenye karai lake, wakikoroga kwa zamu. Safari hii sufuria haikulia.

Asubuhi mzee wa kanisa aliupanda ubao, akaruka mara tatu. Ukashika. Akaagiza ishirini.

"Mama Owen, ulijua tangu lini?" Mwangangi alimuuliza Wacera.

"Mwaka mzima nasikia ikilia kwa hiyo ukuta ya mabati. Nilibisha mara mbili, hukufungua."

Alizikumbuka siku hizo. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amezuia pumzi, akidhani ni wenye kumcheka, hadi nyayo zikaenda zake. Mwaka mzima! Machozi yakamlengalenga. Wacera akamsogezea kikombe, naye akainywa chai ingali moto.

Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.