Kipimo cha Kinywa cha Bwana Salmini

Huko Pangani palikuwa na tajiri mmoja mwenye mkono wa birika, Bwana Salmini. Siku alipofungua ghorofa lake jipya aliwaalika majirani waliombebea mawe na mchanga wakati wa ujenzi, akamwita Bi Kidawa, mpishi wa mtaa, awaandalie keki ya jibini.

“Ikate vipande vidogo, kila mgeni atie kinywani mara moja, basi,” aliagiza. “Itakayobaki ni yangu.”

Bi Kidawa naye alikuwa amebeba mawe. Akainamisha kichwa.

“Sawa, Bwana. Ila vinywa havilingani. Nipime kwa kinywa cha nani?”

“Kwani nyumba hii ya nani? Pima kwangu!”

Bi Kidawa akakata kipande, akamlisha. “Kimeenea?”

Bwana Salmini alitafuna taratibu. Kilikuwa kitamu. “Kidogo mno,” akasema. “Nafasi imebaki tele.”

Akaletewa kikubwa zaidi. Nacho akasema hakijatosha. Kila akionjeshwa alipata sababu ya kuonjeshwa tena, hata kikaja kipande kilichomjaza mashavu yote mawili. Akashindwa kusema, akaitikia kwa kichwa.

“Basi hicho ndicho kipimo,” alisema Bi Kidawa, akaenda kukata.

Wageni walikula vipande vya ukubwa wa ngumi, wakamwombea dua mwenye nyumba. Bwana Salmini akakimbilia jikoni, akakuta sinia tupu na Bi Kidawa anaosha kisu.

“Iliyobaki yangu iko wapi?”

“Umeshaila, Bwana. Ndiyo ile uliyopimia.”