Msemaji na Mkewe Tumboni mwa Zimwi

Sogeeni, hadithi imeshaketi.

Zimwi lilimmeza Mwanahawa, mke wa Shekuwe, msemaji mashuhuri wa mabarazani. Shekuwe akalifuata pangoni.

"Amelala tumboni," likasema zimwi. "Ukimwita akaitika, nitamtema. Asipoitika, nakumeza na wewe."

Shekuwe akahutubia mpaka mawe yakatetemeka. Kimya. Akamsifu mkewe kwa tungo ndefu. Kimya.

"Msemaji gani wewe, bwana?" zimwi likamcheka. "Hata mimi nasinzia!"

Maneno yakamwishia. Akakaa chini, akaita kwa sauti ya nyumbani, ile ya kuombea maji: "Mwanahawa?"

"Abee!"

Zimwi likamtema. Mwanahawa akajifuta uso, akauliza, "Maji ya kunywa au ya kuoga?"

Wao wakarudi kwao. Mimi nikabaki kuwasimulia.