Hodi Tatu za Kicheche

Paukwa!

Sauti gani hiyo? Enzi za bibi yangu tuliitikia mpaka kuku wakashtuka bandani. Haya tena, paukwa! ... Pakawa! Ahaa, hapo sawa.

Hapo zamani za kale, Kicheche hakuishi porini. Aliishi kwa Bi Mwanakombo, kikongwe asiye na mtoto, tundu lake likiwa chini ya ghala la mahindi. Bibi akipepeta, Kicheche akiwinda panya, huku wakipiga soga. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Siku moja akaja Mbwa, akaomba hifadhi, akapewa. Lakini akamwonea Kicheche wivu.

"Nani kakupaka chokaa mgongoni?" akaicheka milia yake myeupe.

Kicheche akatimua manyoya. "Hodi ya kwanza hiyo, ndugu yangu."

Mbwa akampokonya panya wake. Kicheche akanguruma. "Hodi ya pili. Bibi, mkanye huyu!"

"Aa, anakutania tu, mjukuu wangu," Bi Mwanakombo akajibu, akaendelea kupepeta.

Mbwa akaenda kulala mlangoni mwa tundu, akaliziba. Kicheche akamgeuzia mgongo, akainua mkia juu. "Hodi ya tatu. Nipishe, nakusihi."

Mbwa akaangua kicheko. "Mgeni akipiga hodi tatu asiitikiwe, huenda zake. Haya, nenda!"

"Huyo ni mgeni," Kicheche akasema. "Mimi niko kwetu. Niende wapi?"

Fyuuu! Akamrushia Mbwa maji yake ya uvundo usoni.

Mbwa akagaragara mchangani, macho yakimwasha. Uvundo ukapanda ghalani, ukaingia kwenye mahindi. Hata kuku waliyasusa.

Kicheche akalia. "Bibi, nimekuharibia chakula. Nitakutazamaje?" Akashika njia ya porini, peke yake, na mpaka leo hutembea peke yake.

Mbwa naye akanuka, akafukuzwa ndani, ndiyo maana hulala nje. Panya wakarudi wakala walichoacha kuku.

Na Bi Mwanakombo? Kila jioni alisimama mlangoni akaita, "Karibu, mjukuu wangu! Karibu ndani!"

Wala hapakuwa na mtu aliyepiga hodi.

Wajukuu zangu, anayekuonya bado anakupenda. Mwitikie hodi ya kwanza, usingoje ya tatu. Nawe unayesikia mwenzio akionewa, weka ungo chini, useme neno.

Ngano yangu imefika mlangoni. Ikiwanogea, ni ya bibi yangu aliyenisimulia. Ikiwakera, ni yangu mimi niliyeisahau nusu.