Kwa Nini Maprofesa wa Ukombe Hufungua Mwaka kwa Kosa

Zama hizo jiji la Ukombe lilikuwa na kila kitu cha kulifanya liitwe jiji: bandari, stesheni ya reli, masoko saba na vumbi la kumtosha kila mtu. Kitu kimoja tu halikuwa nacho, nacho ni chuo kikuu. Aliyetaka elimu ya juu alikwenda kuisaka ugenini, na wengi walirudi wakizijua mvua za nchi za watu kuliko mvua za kwao. Ukiwauliza kwa nini watoto wa Ukombe huugua kila masika, walikohoa kidogo, wakabadilisha mazungumzo.

Watu wakachoka. Wakadai chuo chao wenyewe, chuo cha umma, cha kuchunguza mambo ya hapahapa. Baada ya kuzungushana sana, halmashauri ya jiji ikatoa ghala kuukuu la katani karibu na stesheni, paa linavuja, na walimu kumi na mmoja wa kuanzia. Madiwani wakaweka na sharti: chuo kitaangaliwa kwa miaka mitano, na kikiwadhuru watu kwa namna yoyote, ghala litarudi kuwa ghala.

Waliokipenda chuo kile kuliko wote ni watu wa Kisimani, mtaa uliopakana nacho. Fundi Kungulio alikuja kuziba paa bila kuombwa. Maseremala wakachonga madawati, na akina mama wakafagia nyuzi za katani siku nne mfululizo, wakiongozwa na Bi Sikujua, muuza mtindi. Huyu ndiye aliyekuwa mwangalizi wa kisima kilichochimbwa na babu yake, kisima kilichoupa mtaa jina. Chuo nacho hakikuwa na choyo. Kilipojenga tangi lake la maji kilitoa bomba nje ya ukuta, majirani nao wachote.

Miongoni mwa walimu wale alikuwemo Dakta Chande Mwinjaka, mzaliwa wa Ukombe, mwenye hadubini moja na ari ya watu kumi. Masika ya mwaka wa tatu, ugonjwa wa kuhara ulipoingia Kisimani, macho yote yalimgeukia yeye. Hakika alijitupa kazini. Alichota maji ya visima vitano, akayapima yote. Vinne vilikuwa safi. Cha tano, cha Bi Sikujua, kilikuwa na vijidudu tele. Tangi la chuo hakulipima. Nani angelipima? Lilikuwa la wasomi.

Akatangaza. Kisima kikafunikwa kwa zege, na watu wakaambiwa wachote kwenye bomba la chuo. Bi Sikujua akageuka gumzo la mjini. Wateja wa miaka ishirini waliupita mtindi wake wakijifanya wanatazama upande wa pili. Lakini ugonjwa haukupungua, ulizidi. Watu wawili hawakuinuka tena kitandani, na mmoja wao alikuwa Fundi Kungulio. Chande alikwenda kuzika. Alisimama nyuma kabisa, kwa sababu moyo ulikuwa ukimsuta na hakujua kwa nini.

Asubuhi moja Bi Sikujua akaingia maabara, kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama," Chande akasema.

"Marahaba. Sikuja kugombana, Daktari. Nina swali moja. Mtindi wangu ukiharibika, simsingizii ng'ombe kwanza. Naanza na kibuyu. Wewe chupa zako uliziosha kwa maji gani?"

Chande akazitazama chupa zake, akakumbuka. Visima vinne vya kwanza alivichotea kwa chupa mpya, zilizotoka kwenye boksi. Kufika Kisimani mpya zilikuwa zimekwisha, akaosha za zamani. Aliziosha kwa maji ya tangi.

Siku hiyohiyo alilipima tangi, akavikuta vijidudu vilevile. Chini ya ukuta wa tangi palikuwa na ufa, na mtaro wa maji machafu ulikuwa ukivujia ndani. Kisima hakikuwa na hatia. Yeye ndiye aliyewatoa watu kwenye maji mazima akawapeleka kwenye maji mabovu. Alikaa chini sakafuni akalia, mtu mzima yule, na haikuwa aibu.

Akampelekea habari mkuu wa chuo, Profesa Ngwali, mzee aliyehangaika nusu ya umri wake ili chuo kipatikane. Profesa akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Funga bomba leo. Ziba ufa leo. Mimi nitawaambia watu tunalifanyia ukarabati. Baada ya miezi kadhaa tutasema kisima kimepona. Kuteleza si kuanguka, Chande. Ukisema ukweli, madiwani watatufunga, na hawa vijana mia mbili watakwenda wapi?"

"Na Bi Sikujua je, Profesa? Na waliozikwa?"

Profesa akaipangusa miwani yake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Chande akasema. "Na hiki kifo tayari tumekiona."

Bomba lilifungwa palepale. Kesho yake, jua la saa nne, Chande alisimama mbele ya madiwani na watu wa Kisimani waliofurika hadi barazani. Alieleza yote: chupa, tangi, ufa. Hakumtaja mwingine. "Nilikosea mimi," akasema, "na kosa langu limeua." Ukumbi ulilipuka. Mjane wa Kungulio alitoka nje akiomboleza. Diwani mmoja akasimama kudai ghala lirudishwe, na wengi wakaitikia.

Ndipo Bi Sikujua akaomba kusema.

"Nina hasira, na hasira yangu sijaimaliza. Asinibembeleze mtu. Ila niulize: nani mwingine katika jiji hili amewahi kusimama hapo akasema amekosea? Nyinyi waheshimiwa? Sijawasikia. Huyu nimemsikia. Akiniambia kesho maji ni salama, nitayanywa. Chuo kisifungwe."

Diwani yule akaketi. Sharti likafutwa, kisima kikafunguliwa siku hiyo, na chuo kikabaki. Kimekua mno. Ghala lile leo ni chumba kimoja tu katika majengo yanayopanda kilima kizima, na wageni hutoka ng'ambo kuja kusomea chanjo, mbegu na mvua zetu. Chuo kikitoa neno la utafiti, mji mzima unalipokea, hata lenye uchungu.

Na tangu siku hiyo, hakuna mwanafunzi mpya anayefundishwa lolote Ukombe kabla profesa mmoja hajasimama ukumbini, watu wa Kisimani wameketi safu ya mbele, akasimulia kosa lake kubwa na nani aliumia. Hapigiwi makofi. Mwaka mmoja alisimama bingwa mwenye tuzo za kujaza kabati, akatabasamu, akasema yeye bado hajakosea. Watu wa Kisimani wakainuka mmoja mmoja, wakaenda zao. Mwaka huo masomo yalichelewa kuanza kwa siku nne, mpaka alipokumbuka.